Mwanga Kwanza, Kope Baadaye

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni. Sijui nani aliwaza kwamba mstaafu ana jambo la kuwahi, lakini ni nzuri na wajukuu wanaipenda. Baada ya soda na hotuba, nesi mgeni, yule aliyetoka chuoni mwaka huu, aliniuliza: "Bibi Somoe, kwa nini hapa kila mgonjwa anamulikwa tochi kwanza, hata aliyekuja na chunusi ya kope? Chuoni hatukufundishwa hivyo." Mwenzake akamjibu kabla yangu, "Ndivyo tulivyoikuta." Mkacheka wote. Mimi nilicheka pia, lakini nilirudi nyumbani na swali lile, na usingizi haukuja upesi.

Basi nimeandika. Vyeo sitavitaja, na mshahara wenu mnaujua wenyewe. Nitaandika ya miaka yangu kumi ya mwanzo tu, kwa sababu ndiyo inayolijibu swali.

Nilipelekwa chumba cha macho miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa binti wa Mikindani, nimetoka mafunzoni na kofia yangu imepigwa wanga, na nilitaka wodi ya wazazi, kama kila msichana wa wakati ule. Mkuu wa manesi alinitazama mikono, akasema vidole vyangu ni vyembamba, niende kwenye macho. Nililia chooni, kisha nikanawa uso nikaenda.

Chumba kilikuwa mwisho wa baraza, kina pazia jeusi dirishani. Nje yake palikuwa na benchi refu lililoegemea ukuta uliopakwa chokaa. Wagonjwa walikaa wakiwa wameinua nyuso na kuegemeza vichwa ukutani, na kwa kuwa kila mtu alijipaka mafuta ya nazi, ukuta ule ulikuwa na mstari wa mafuta kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho. Kila mwaka ulipakwa chokaa upya, na kila mwaka mstari ulirudi kabla chokaa haijazoea.

Aliyekuwa akiongoza chumba hicho alikuwa dresa, si daktari. Daktari wa macho alikuja kwa ndege mara moja moja, akapasua, akaondoka. Siku nyingine zote macho ya Mtwara yalikuwa ya Bwana Atanasi. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, mwenye nembo za chale usoni, aliyevuka mto akiwa kijana kuja kukata mkonge, wamisionari wakamfundisha kufunga vidonda, na vidonda vikamfikisha kwenye macho. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe tangu utoto, limekufa kwa ndui. Mimi nilisimama mlangoni nikimkodolea macho. Nilikuwa sijui kwamba mtu mwenye chongo anaweza kutibu macho ya wengine.

"Ukiingia nji wa wenye chongo, na wewe fumba lako," akaniambia bila kugeuka. "Au vaa gloves uje unisaidie. Kalibu, mwanangu."

Hata baada ya miaka thelathini huku kwetu alikuwa bado anasema "nji" na "ntu". Sisi wa pwani tulimtania. Yeye naye alisema sisi tunaongea kana kwamba tuna tende mdomoni.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu mmoja, na hakuuvunja hata kama benchi limejaa hadi uani. Kwanza alipita na tochi, tochi ya kawaida ya betri mbili, na kuwamulika wote jicho moja moja, akiangalia mboni tu: je, ni ya mviringo, je, inajikunja inapopigwa mwanga. Hagusi mtu. Akifika mwisho wa benchi, anarudi mwanzo, ananawa, na ndipo anaanza kupindua kope. "Mwanga kwanza, kope baadaye," alisema. Niliona ni kupoteza muda. Karibu kila aliyekaa pale alikuwa na ugonjwa uleule, na ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye kope.

Ugonjwa huo ulikuwa vikope. Ninyi mmeviona kwa nadra, na sehemu kubwa mmeviona kitabuni, kwa hiyo niwaeleze. Watoto walikuja na tongotongo limegandisha kope, nzi wamewazunguka, wamezoea hata hawawafukuzi. Ukipindua kope unakuta vipele ndani kama punje za sago. Mama alimfuta wa kwanza kwa pindo la khanga, akamfuta wa pili kwa pindo lilelile, na akijisikia muwasho akajifuta mwenyewe. Bibi zao walikuja wakiwa na kope zilizogeukia ndani, zinakwaruza jicho kila wanapopepesa. Walibeba vibano vyao vya kung'olea nywele za kope, vimefungwa kwenye pembe ya khanga pamoja na tumbaku. Wengine walining'ang'ania mimi niwang'olee, kwa hivyo vidole vyangu vyembamba.

Dawa ilikuwa mrututu. Kipande cha buluu, kizuri kama kito, kimechongwa kama penseli na kutiwa kwenye mpini wa mti. Unapindua kope, unasugua mara mbili, unaosha kwa maji ya chumvi. Uliwachoma sana. Mtoto mmoja wa Chuno alimng'ata Bwana Atanasi kidole gumba, na yeye akasema, "Afadhali, huyu meno yake mazima," akaendelea na wa pili. Baada ya miezi sita niliweza kupindua kope kwa kidole kimoja na kijiti cha kiberiti, mtu hajamaliza kusema "bismillahi". Nilijivunia hilo kuliko cheti changu.

Lakini ushindi wangu wa kwanza haukutoka kwenye vidole. Mara kwa mara tulipata wasichana sita au saba wa mtaa mmoja, wote wamevimba macho wiki moja, ilhali wadogo zao nyumbani wazima. Bwana Atanasi aliwauliza kuhusu maji, nzi, mahali pa kulala, asipate kitu. Mimi nikamwuliza mmoja wao, "Nani ameolewa kwenu?" Akataja jina. Nilijua, kwa sababu na mimi nilishapakwa. Bibi harusi na wenzake wote hupakwa wanja kwa kijiti kimoja, na kijiti hakioshwi, kwani kukiosha ni kumwonyesha mwenzako kwamba unamwona mchafu. Bwana Atanasi alikaa kwenye kiti, akavua miwani. "Miaka yote hii," alisema, "na mimi nawafukuza nzi!" Tangu siku hiyo msimu wa harusi ukianza alinituma kwenye nyumba za maharusi na fungu la njiti za kiberiti, kila msichana apewe njiti yake. Wengine walininunia, na bibi mmoja wa Mikindani alinitangaza kwamba hospitali imenitia kiburi. Njiti zilitumika hata hivyo.

Kila jicho alilichora. Kwenye daftari la wagonjwa, mbele ya jina, alipiga duara kubwa na ndani yake duara dogo, na akatia alama palipo na kovu au kidonda. Ukurasa wake ulijaa macho yanayokutazama. Ndivyo nilivyoona magonjwa yakibadilika, kwa kufunua daftari.

Vita vilipoanza ng'ambo, watu walivuka Ruvuma. Walikuja na macho mengine: watoto wenye njaa ambao macho yao yalikauka yakapoteza mng'ao, waliopata surua njiani wakatiwa maji ya majani jichoni, na kioo cha jicho kikayeyuka. Bwana Atanasi hakumgombeza mama yeyote kwa dawa ya majani. Aliomba aletewe jani alione. Lakini akishamaliza kumtibu mtu, alimwuliza kwa Kimakonde, kwa sauti ya chini, na mimi nilijifunza kuyatambua maneno mawili matatu. Aliuliza habari za Nangade, kwao. Aliuliza kama kuna aliyepita kwa mama yake. Na aliuliza habari za mkorosho.

Mkorosho huo aliupanda mwenyewe alipotoka jandoni, mbele ya nyumba ya mama yake. Baada ya miaka michache mama alifariki, habari ilimfikia kwa aliyevuka. Nyumba ilichomwa, hiyo pia ilimfikia. Habari ya mkorosho haikufika. "Nti hauna uadui na ntu," aliniambia. "Utakuwepo. Vita vikiisha nitakwenda niuone kwa jicho langu hili, kisha nikifa nimekufa." Alikuwa na jicho moja la kuuonea, na alilitunza. Hakuwahi kukaa karibu na moto wa kuni, na vumbi likivuma alivaa miwani yake hata kama hasomi.

Mji nao ulikuwa unakua. Mabomba yalifika Chuno, kisha yakasogea taratibu kuelekea Likombe, na watoto wakanawa nyuso kabla ya shule. Dawa ya tyubu ikaja, mrututu ukabaki kwenye kabati. Kwenye daftari, zile alama za kope zilipungua mwaka hadi mwaka. Badala yake walikuja wanawake wanaobangua korosho, mafuta ya ganda yamewarukia na kuwaunguza, na wanaume wa bandarini wenye vipande vya chuma. Na mara chache, mmoja katika wiki nyingi, alikuja mtu mwenye jicho jekundu lisilo na tongotongo hata chembe. Linauma, linakimbia mwanga, kope safi kabisa. Bwana Atanasi aliniita kila mara. "Hili limewaka ndani," alisema. "Ukilitazama kope utasema si kitu. Tazama mboni." Na kweli mboni ilikuwa ndogo, imebana, au imeshikwa upande kama kitambaa kilichonaswa na msumari. Huyo hakusuguliwa kitu. Aliwekewa atropini ili mboni ifunguke kabla haijagandamana, na hakuruhusiwa kwenda nyumbani. "Vikope vinakupa miaka ishirini," alisema. "Hili linakupa siku."

Alipostaafu alihamia Likombe kulima mihogo. Aliniachia tochi. Hakuna hotuba, hakuna saa ya ukutani. Aliifuta kwa kipande cha bendeji akanitia mkononi.

Haukupita muda mrefu, macho mekundu yakaingia mjini. Hayo mnayajua, hata siku hizi hupita. Lakini yale ya mwaka ule hatukuwa tumeyaona mfano wake. Leo mmoja, kesho nyumba nzima, keshokutwa shule imefungwa. Macho yalivimba yakawa na damu, watu waliogopa kutazamana barabarani, waliamini ugonjwa unaruka kwa kutazama. Benchi lilijaa, uwanja ukajaa. Nilikuwa mimi na mhudumu mmoja. Betri za tochi ziliadimika mjini, na zangu zilikuwa zimebaki nuru ya kibatari. Nikafanya hesabu ya mtu mwenye akili: wote ni wekundu, wote ni ugonjwa mmoja, unapona wenyewe kwa wiki. Nikaacha kupita na tochi. Nilinawa, nikapindua, nikaosha, nikapaka, nikasogea. Nilikuwa na kasi ya ajabu, na watu walinisifu. Niliipenda sifa ile, nakiri.

Asubuhi moja nilifika katikati ya benchi, nikashika kope, nikaona nembo ninazozijua kwenye shavu.

"Shikamoo Baba!"

"Marahaba. Endelea na kazi, watu wanangoja."

"Mbona hukupiga hodi ndani? Wewe ni wa kukaa benchi?"

"Nikiwa dresa nakaa ndani. Nikiwa ngonjwa nakaa benchi." Alikuwa anatabasamu, machozi yanamtoka. "Umekuwa mwepesi, mwanangu. Mimi sikuwa mwepesi hivi."

Nikacheka. Nilimpaka dawa nikasogea kwa wa pili. Baada ya siku tatu alirudi, akakaa benchi, nikampaka tena, nikamwuliza hali, akasema linauma kidogo. Nikamwambia Baba, yanawauma wote, vumilia. Mara ya tatu alikuja na kofia ya ukindu ameishusha hadi puani. Nilipoiondoa alijikunyata kwa mwanga wa jua kama aliyepigwa kibao. Nikapindua kope. Kope lilikuwa safi. Hakuna tongotongo hata chembe.

Niliachia kope palepale, benchi lote likinitazama. Nilikimbia ndani kuchukua tochi. Mwanga wake ulikuwa hafifu, lakini ulitosha kunionyesha. Mboni ilikuwa ndogo kama tundu la sindano, na haikuwa ya mviringo, na haikucheza.

Tulimlaza. Daktari wa zamu aliandika kila kilichokuwepo kabatini, na nilimtia atropini mimi mwenyewe kila saa, sikumwachia mtu mwingine. Upande mmoja wa mboni uliachia kidogo, upande wa pili haukuachia kamwe. Siku ya tano niliuliza lile nililokuwa naliogopa. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Yeye, aliyenifundisha, kwa nini hakusema kwamba limewaka ndani.

"Mganga hajigangi," akasema. "Jicho langu mwenyewe nitalionaje? Nilikuwa nangoja tochi. Siku ya kwanza hukuwasha, nikasema, Somoe ameona si kitu, haya ni macho mekundu kama ya wenzangu. Siku ya pili hukuwasha, nikalala vizuri."

Angenitukana ningepumua. Alilala vizuri kwa sababu aliniamini, na kwa usingizi ule jicho likaenda. Nilitoka nje nikaegemea ule ukuta wenye mstari wa mafuta, nikalia kama siku ya kwanza, ila safari hii hapakuwa na wa kuniambia kalibu.

Alipotoka wodini nilimpima. Herufi za ubaoni hakuziona hata ile kubwa. Nilisogea, nikasogea, na alihesabu vidole vyangu kwa umbali wa mkono mmoja, tena kwa kubahatisha. Kwenye daftari nilichora duara kama alivyonifundisha, na ndani yake nikachora ile mboni iliyonaswa. Nilinunua betri kwa bei ya ulanguzi, na tangu siku hiyo hakuna aliyekaa kwenye benchi lile asimulikwe, awe na chunusi, awe na kibanzi, awe mkuu wa mkoa. Hilo ndilo jibu la swali lako, nesi.

Hakuninunia hata siku moja. Nilikwenda Likombe kila Jumapili nikamchambulia mchele na kumsomea gazeti. Aliulizia wagonjwa, akitaka nimweleze mboni zao. Siku moja tu aliniuliza, "Vita vikiisha, jicho hili litauona nkolosho?" Mimi niliinamia ungo nikaendelea kuchambua mchele. Akasema, "Basi, nitaushika."

Vita viliisha. Watu wakaanza kurudi, lori baada ya lori. Nilimsindikiza hadi Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma, nimembebea mkeka na sufuria, na mpwa wake amemshika mkono. Kabla ya kuingia kwenye mtumbwi aliupapasa uso wangu, akatafuta kope langu la juu, akalivuta kidogo kama mtu anayetaka kulipindua. "Zima kabisa," akasema, akacheka, akakaa kwenye mtumbwi akiwa ametazama ng'ambo. Nilibaki ukingoni hadi walipokuwa wadogo upande wa pili. Nilimwona muda mrefu baada ya yeye kuacha kuniona, na huenda alikuwa ameacha tangu alipoondoka ukingoni.

Ulipita mwaka na zaidi. Alikuja mama mmoja wa ng'ambo anayeuza makopa ya mihogo sokoni, kope linamchoma. Nilipommulika aliangua kicheko. "Ni wewe! Yule mzee alisema nitakujua kwa tochi." Alikuwa na ujumbe ameubeba tangu Nangade, na aliutoa kama ulivyo: "Mwambie Somoe nkolosho upo. Nimeuona kwa jicho langu. Matawi ya kileleni yameanza kukauka, lakini ya chini yana maua."

Nilimwuliza kama mzee anaona. Akasema anatembea kwa fimbo, lakini ni mchangamfu. Baada ya hapo sikupata habari nyingine yoyote, na wote niliowauliza miaka iliyofuata walikuwa wa vijiji vingine.

Mimi ndiye niliyelipima jicho lile. Najua halikuweza kuona kilele cha mti wowote, najua kuna aliyesimama kando yake akamsimulia matawi, na najua kwa nini aliyapakia maneno yale kwa mtu mwenye kope linalochoma, ayalete hadi kwenye benchi langu. Natamani angekuja aniambie uongo ule kwa mdomo wake. Ningemkalisha, ningemmiminia chai, na ningemwamini.